Kiti cha Kushoto

Nikikaa nyuma ya usukani, nzi akipiga chafya Nesitu mimi namwona nikiwa bado mtaani Hai Mauna, hapa Juba. Sijisifu, nasema tu ilivyo. Shuleni Kitale mpira wa magongo ulinipiga kwenye jicho la kushoto, uso ukavimba nikafanana na kiazi, na muhula haujaisha nikarudi uwanjani nikafunga bao. Macho ya aina hiyo hayatengenezwi tena. Nionyeshe lori ambalo bado ni kivumbi tu huko mbele, nitakusomea namba yake, na kama dereva hajanyoa ndevu nitakwambia.

Kwa hiyo siku Madam Josline alipotuita uani na kusema mmoja wa madereva wake haoni vizuri, nilifanya jambo la kawaida kabisa. Niligeuka nikamwangalia Mugisha.

Madam ni Mganda, anasambaza maji ya chupa, na ua wake uko kati ya fundi wa kuchomelea mageti na mama muuza mkaa. Ana malori mawili madogo, Kanta, na madereva wawili. Mmoja ni Mugisha, Mganda mwenzake, mtu mzima, mpole kama mto wa kulalia. Mwingine ni mimi, Austin, na mimi si mpole. Kanta hizo hazina mwenyewe. Leo anachukua hii, kesho naichukua mimi. Asubuhi hiyo Madam alikuwa ameshika kioo cha pembeni kilichopasuka, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku.

"Hii kioo nani amevunja?"

Hata fundi wa mageti alizima mashine yake apate kusikia.

"Kila mara kioo ya kushoto. Ubavu ya kushoto. Taa ya kushoto. Ya kulia iko muzima kama siku nilinunua. Mimi iko na habari. Moja yenu haioni."

"Madam, habari hiyo amekupa nani?" nikauliza.

"Wewe unataka jina ama unataka kazi?"

Kazi ni bora kuliko jina.

Akaendelea. Shirika moja la mtaa wa Thongpiny linalonunua maji yetu linataka kila dereva apimwe macho. Daktari atakuja Alhamisi. Na lori jipya liko njiani, la usukani wa kushoto, kubwa, lenye kiyoyozi. Dereva mwenye macho mazuri atapewa hilo. "Na ile haioni," akasema, "itaweka ufunguo kwa meza yangu, irudi kwao na amani."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana mtu asiyejua Juba anaweza kufikiri tuna wazimu. Huku magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kanta zetu zilinunuliwa Kampala, na usukani wake uko kulia pia. Maana yake dereva unakaa upande wa mtaro, na ukiwa nyuma ya lori refu huoni kinachokuja. Ndiyo maana kila dereva wa usukani wa kulia ana mtu wake wa kushoto. Huyo ndiye anachungulia. Akisema "Piga!" unapita. Akisema "Bado!" unatulia, hata kama bibi harusi anakungoja kanisani. Si aibu. Mwenye macho ya tai pia anauliza kushoto.

Mtu wetu wa kushoto anaitwa Keji. Ni Mbari, kabila la wenyeji wa Juba, lakini alikulia kambini kule Kenya akarudi na Kiswahili chetu na matusi yetu. Yeye hupokea oda za wateja, na njiani huwa macho ya dereva yeyote aliyepangiwa. Kwenye lori jipya dereva angekaa pale pale anapokaa Keji, ajionee mwenyewe, asimuulize mtu. Nililitaka lori hilo mpaka nikaanza kuliota.

Tangu asubuhi ile ua wetu ukawa kama kikao cha wezi kabla ya kugawana. Mugisha akiniangalia, naangalia tairi. Nikimwangalia, anaangalia mbingu. Wapakiaji wakinong'ona, nakohoa wajue nipo. Na Keji ndiye alinitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu alianza tabia ya kutokea kama jini. Uko peke yako, unakagua oili, unageuka, Keji yupo hapo kushoto kwako, amekunja mikono. Hakohoi, hapigi hodi. Siku moja niligeuka nikamkuta anapunga mkono hewani karibu na sikio langu.

"Unafanya nini, dada?"

"Nafukuza nzi."

"Nzi yuko wapi?"

"Ameenda," akasema, akaondoka akitikisa kichwa.

Nikajua huyu ametumwa. Mtu anayefukuza nzi asiyekuwepo ana kazi nyingine.

Lakini mshukiwa wangu mkuu alibaki Mugisha, na ushahidi ulikuwa unajileta wenyewe. Kwanza, alivaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yamefunga. Pili, simu aliishika mbali, mkono umenyooka kama anamkabidhi mtu mwingine. Halafu akiwa barabarani aligeuza kichwa huku na huku bila kupumzika, kushoto, kulia, kushoto, kama kuku anayekula kwa jirani. Mtu anayeona ana haja gani ya kutafuta namna hiyo? Mimi naendesha shingo imetulia. Kinachonihusu kitakuja mbele yangu.

Jumanne tulipeleka maji Nesitu, kwa maduka yaliyo kando ya maegesho ya malori kwenye barabara ya Nimule, iendayo Uganda. Mugisha alitangulia na mpakiaji mmoja. Mimi nikafuata na Keji.

Hata hatujatoka mjini vizuri, bodaboda ikatokea kushoto kwangu. Sisemi ilikuja. Ilitokea, kama uyoga. Keji akapiga kelele, nikakanyaga breki, katoni zikagongana nyuma.

"Mjinga wewe!" nikamwambia mwenye boda kupitia dirishani. "Umetoka wapi?"

"Alikuwa hapo tangu kwenye kona," Keji akasema taratibu.

"Hawa watu wa boda wanajificha, dada. Wanasubiri mpaka ukaribie."

Tulipovuka daraja na barabara ikanyooka, niliona nafasi ya kumchimba.

"Dada Keji, wewe unakaa na sisi wote. Nani haoni?"

"Unaniuliza mimi?"

"Si wewe ndiye wa kushoto?"

"Mimi naangalia barabara, Austin. Bado! Bado, bro, bado!"

Nikarudi nyuma ya lori la saruji nililotaka kulipita. Basi likapita kwa kishindo kikatikisa vioo.

"Uliliona?" akauliza.

"Nililiona kabla halijatoka Nimule. Nilikuachia tu ufanye kazi yako."

"Lilikuwa la rangi gani?"

"La vumbi."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeweka kitu mfukoni. Sikukipenda. Ili kumfunga mdomo nilimwonyesha trela lililokuwa mbali kabisa, likitujia, nikamsomea namba yake herufi kwa herufi, halafu nikangoja tufike karibu athibitishe. Akathibitisha. Hata moja sikukosea.

"Mbele unaona," akasema. "Mbele unaona sana."

"Asante."

"Sikukusifu."

Tulipofika Nesitu, Mugisha aliwasha taa ya kukata kona, akakata kushoto kuvuka barabara na kuingia kwenye maegesho. Mimi nikasimama barabarani kupisha lori lililokuwa linakuja, macho yangu kwenye lori hilo, kama sheria inavyotaka.

"Wai! Mzee kagusa pipa!" Keji akasema.

Nikageuza shingo. Kweli, pipa la maji la mwenye duka lilikuwa linajiviringisha chini, watu wanalikimbiza, na Kanta ya Mugisha imesimama upande. Mugisha ameshuka, anaomba radhi. Basi! Ushahidi ndio huo, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa Nesitu.

"Umeona hiyo?" nikamwambia Keji.

"Mimi nimeona yote," akasema. "Wewe je?"

"Kila kitu."

Lori likapita. Nikakata kona na mimi, taratibu, kwa ufundi, nimwonyeshe yule mzee jinsi watu wanavyoingia. Nilikuwa karibu kuzima injini Keji aliposhika dashibodi kwa mikono miwili. "Simama! Simama! Simama!" Nikasimama. Kukasikika mlio mdogo, kama mtu amekanyaga mkebe. Nikashuka nikazunguka. Kigoda cha mama muuza chai kilikuwa chini ya bampa, upande wa kushoto, kimevunjika mguu, na jiko lake limeponea chupuchupu. Mama mwenyewe alikuwa ameshika birika juu kama mwenge, ananifokea kwa Kiarabu cha Juba, "Ita ma gi shufu? Ita ma gi shufu?" ananiuliza kama sioni.

"Malesh, mama, malesh," nikamwomba radhi. "Lakini kigoda ndicho kimenifuata."

Wapakiaji wakacheka. Mugisha hakucheka. Alikuja akakiangalia kigoda, akaniangalia mimi, tena kwa muda, kama fundi anayesikiliza injini. Nikajua anafurahi kimoyomoyo kwamba sasa kigoda kimemfichia pipa lake. Nikaapa sitamwachia.

Jumatano, kesho yake daktari anakuja, nilimfuma.

Nyuma ya mrundo wa katoni, mahali ambapo hakuna mtu hupita, Mugisha alikuwa amesimama, kichwa amekiinua juu, mdomo wazi, na kichupa kidogo juu ya jicho. Tone. Akafumba. Akahamia jicho la pili. Nilimwacha amalize, maana jasusi mzuri hana haraka.

"Nini hiyo, mzee wangu?"

Nilitegemea aruke. Hakuruka. Alifunika kichupa, akakiweka mfukoni, akajifuta shavu.

"Dawa. Macho yangu iko na presha."

"Macho yana presha? Presha si ya moyo?"

"Hata mimi nilisema hivyo. Daktari ilicheka." Akaketi juu ya katoni. "Iko maji ndani ya jicho. Ikikosa njia ya kutoka inasukuma, inasukuma, inaua mushipa ya kuona. Mimi iliambiwa mapema, ndiyo natia dawa kila siku. Nikiacha, inarudi kula."

"Kwa nini unajificha huku?"

"Huku hakuna vumbi."

Hilo jibu nililicheka ndani kwa ndani. Juba, huku hakuna vumbi!

"Na wewe umewahi pima?" akauliza.

"Mimi? Mzee, angalia ile pikipiki kule mwisho wa mtaa. Nikusomee namba?"

"Siyo mbele, mutoto ya Kenya. Mbele utaona mpaka sindano. Hii kitu inaiba kando kando, polepole, haiumi. Unafikiri ni vitu ndiyo inaruka kukuja kwako. Mimi pia nilikuwa natukana boda. Sasa nageuza shingo." Akanigusa bega. "Iliwahi gonga wewe kitu kwa jicho? Mutu akipigwa kwa jicho, hata zamani, inaweza kuja pole pole."

"Mpira tu. Nikafunga bao."

"Basi enda upime. Usingoje Alhamisi ya Madam. Enda wewe mwenyewe."

Nilimshukuru kwa heshima zote, nikamwacha pale, na nilipopinda kona ya ghala karibu nicheze. Amekiri! Kwa mdomo wake! Sikumuuliza kama Madam anajua. Mtu anayejificha nyuma ya katoni hawezi kuwa amemwambia mtu. Na ule ushauri wa kwenda kupima nao niliuelewa vizuri sana: anataka nisiwepo uani yeye akimbembeleza Madam. Mzee mjanja. Nikaenda moja kwa moja ofisini.

Ofisi ya Madam ni kontena lililotobolewa dirisha. Jenereta iko nje ya ukuta, inanguruma mpaka husikii mawazo yako. Nilipoingia nilisimama mbele ya meza yake, kofia mkononi. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni harufu ya chai, chai ya tangawizi, ya moto, na juu ya meza hakukuwa na kikombe hata kimoja. Nikasema moyoni, huyu mama ameficha chai aliponiona nakuja. Utajiri huanza hivyo.

"Ndiyo, Austin."

"Madam, mimi si mtu wa fitina."

"Ee."

"Wewe unanijua. Lakini mali yako ikiharibika na mimi nikinyamaza, Mungu ataniuliza."

Madam hakuwa ananiangalia. Macho yake yalikwenda pembeni ya bega langu, yakarudi, yakaenda tena. Nikashuku. Ameficha nini huko? Lakini nilikuwa nimeshaanza, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri kama katoni.

"Ni Mugisha, Madam. Anatia dawa machoni kwa siri. Nimemfuma. Ameniambia mwenyewe macho yake yameharibika. Na jana Nesitu ameangusha pipa la mtu."

"Pipa nimesikia. Aliniambia."

"Amekuambia aliligonga bila sababu? Barabara ilikuwa tupu, Madam. Tupu! Hata kuku hakuwepo. Amekata kona, akaenda mwenyewe mpaka kwenye pipa kama amealikwa."

"Wewe uliona?"

"Kwa macho yangu haya mawili. Tangu anakata kona mpaka pipa linaanguka."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Barabarani, nasubiri. Mugisha yuko kule. Na pipa lilikuwa hapa, kushoto kwangu, hapa hapa." Nikanyoosha mkono wa kushoto kwa nguvu kumwonyesha.

Mkono ukagonga kitu cha moto.

Glasi ikaruka, chai ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, glasi ikatua sakafuni ikapasuka. Nilipiga yowe nikageuza shingo. Keji alikuwa amesimama hapo, karibu nami kiasi cha kunisalimia kwa mkono, na mkono wake bado umenyooka mbele, vidole vimebaki na umbo la glasi.

"Dada! Umeingia saa ngapi?"

"Nilikuwa ndani kabla yako," akasema Keji. "Nimekunyooshea chai tangu uliposema wewe si mtu wa fitina. Mkono umechoka, bro."

Nikamwangalia Madam. Madam alikuwa anaangalia sakafu, vipande vya glasi.

"Kushoto tena," akasema.

"Madam, jenereta... sikusikia..."

"Chai haisikiwi. Inaonwa," Madam akanikata.

"Na mbuzi je?" Keji akauliza.

"Mbuzi gani?"

Nilipouliza tu, nikajuta. Wale wanawake wawili waliangaliana, na Madam akavuta pumzi ndefu.

"Mbuzi mweupe," Keji akasema, "mkubwa, ana kamba shingoni. Alimrukia Mzee mbele ya gari. Mzee akamkwepa, ndiyo akagusa pipa. Nesitu nzima ilimwona. Alipita mbele yetu pia, Austin, akatuangalia. Wewe uligeuka baada ya mimi kusema pipa. Kama nisingesema, hata pipa usingeliona."

"Mugisha daktari yake ilinipa ripoti kitambo," Madam akasema. "Yeye ndiyo alikuja kwangu wa kwanza. Akasema, Madam, nipeleke kwa daktari mupaka waseme kama nafaa. Wakasema anafaa. Mimi nilikuwa natafuta ule mwingine." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lilinitisha. "Kesho kwa daktari unaingia wewe kwanza. Asikie mapema, labda ataokoa ile imebaki. Ufunguo weka hapa."

"Madam, na lori?"

"Ufunguo, Austin."

Nikautoa mfukoni. Nikaufuta chai kwenye suruali. Nikauweka mezani. Kisha nikakumbuka kwamba mwanadamu hakosi la kujitetea: kwamba kontena lile lina giza, kwamba mbuzi weupe wanafanana na vumbi, kwamba Keji ana tabia ya kutokea kama jini na shahidi wa hilo ninaye. Nikakohoa kidogo, nikafungua mdomo.

"Bado," akasema Keji, kwa sauti ile ile ya barabarani.